Masikio ya Mjumbe

Nilipewa daftari dogo na kuambiwa niandike, kila siku, baba amevaa mashine zake za masikio kwa saa ngapi. Kwa mtu mwingine hiyo ni kazi ya dakika mbili. Mimi nilianza kumchungulia tangu alfajiri. Akitoka chumbani nilitazama nyuma ya sikio la kulia, akigeuka nilitazama la kushoto, akikaa barazani nilitafuta sababu ya kufagia mahali nilipokwisha kufagia. Mama alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama nimeajiriwa kumpeleleza mumewe.

Sikuwa nimeajiriwa na mtu yeyote. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, shahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na kila jambo la nyumbani lililohitaji mtu mwenye nafasi lilikuja kwangu. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kawe, ndiye aliyehangaika mpaka baba akapata mashine zile. Huko hospitalini alikozipata akaambiwa kwamba mashine peke yake haitoshi: mtu mzima anayeanza kuivaa lazima ajifunze upya kuzungumza na watu, na watu wake wajifunze kuzungumza naye. Kulikuwa na mafunzo ya Jumamosi, upande wa Kinondoni, na kila mwanafunzi alitakiwa kuja na mwenza kutoka nyumbani. Dada akasema mwenza ni mimi. Sikukataa, ila kuanzia hapo nikawa na swali moja kichwani lisilokaa chini: nikikosea je?

Maana kulikuwa na jambo ambalo baba hakulijua.

Baba alifanya kazi Kurasini miaka mingi, kwenye yadi ya makontena, akiandika yanayoingia na yanayotoka. Pale chuma kinagonga chuma kutwa nzima na malori hayazimi injini. Alipostaafu tukahamia Chanika, kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo, na haukupita muda majirani wakamchagua kuwa mjumbe wa nyumba kumi. Walimwona mtu mzima, ametulia, haongei ovyo. Hawakujua kwamba nusu ya utulivu ule ulikuwa kutosikia.

Na kazi ya mjumbe ni kusikiliza. Barua za utambulisho zipo, lakini watu wanakuja hasa kwa sababu wamegombana: mbuzi kala mihogo, mpangaji kafungulia redio, mpaka umesogea hatua moja tangu juzi. Wanakaa kwenye benchi letu, wanasema yao, mjumbe anaamua, wanapeana mikono. Baba alikuwa na njia zake za kujikinga. Alitikisa kichwa. Alisema inshallah. Akiona midomo imetulia na macho yote yako kwake, alimwagiza mama chai ili apate muda wa kukisia.

Mvua zilipoanza, jirani yetu wa juu alichimba mfereji wa kutoa maji uani kwake, na maji yakaenda kwenye msingi wa jirani wa chini. Jirani wa juu anauza samaki wa kukaanga na amezoea kuita wateja walioko ng'ambo ya barabara. Jirani wa chini ni mjane, watu wa kwao na wa kwetu wametoka kulekule kusini, na akizungumza na mwanamume mtu mzima anainamisha uso na kuvuta kanga mdomoni, kama alivyolelewa. Walisema wote wawili. Baba akaamua mfereji ubaki. Mjane akaitikia sawa, akaondoka.

Mimi nilikuwa dirishani. Nilisikia alivyosema kwamba ukuta wa chumba cha watoto umeanza kupasuka. Niliona pia kwamba baba hakupata hata neno moja. Ningeweza kutoka nikasema. Nilifikiria namna ya kulisema bila kumwaibisha baba mbele za watu, nikalipanga, nikalipangua, na nilipomaliza kulipanga benchi lilikuwa tupu.

Baada ya hapo mtaani wakaanza kusema kwamba kwa mjumbe wetu anashinda mwenye koo. Wengine wakawa wanaupita mlango wetu na kwenda moja kwa moja ofisi ya serikali ya mtaa. Kisha mwenyekiti wa mtaa akaja nyumbani, akakaribishwa chai, akasema kwamba mkutano wa shina, wa nyumba zetu kumi kuchagua mjumbe, unakaribia, na kama mzee amechoka hakuna ubaya akipumzika. Hilo alimwambia mama. Baba alikuwa amekaa palepale, kikombe mkononi, akitikisa kichwa. Mgeni alipoondoka mama akasema tusimwambie, asije akaumia bure. Tukasubiri mashine zifanye muujiza kabla ya mkutano.

Jumamosi ya kwanza baba aliingia darasani amevuta barakashia hadi chini ya masikio ili mashine zisionekane. Kumbe ukiifunika mashine hupiga mluzi. Ikapiga, kali na ndefu, watu wote wakageuka. Mwanafunzi mwenzake mmoja, dereva wa lori mstaafu, akasema, "Mzee, chai yako imechemka, epua."

Watu wakacheka na baba akacheka nao. Nilikijua kile kicheko chake, cha kufuata wenzake. Mwalimu wetu, dada ambaye hakunizidi sana umri, naye alikijua. Akamwomba dereva aje akae mbele ya baba na alirudie neno lake polepole, bila kupaza sauti. Dereva akaona haya kidogo, lakini akarudia. Baba alimtazama mdomoni mpaka mwisho, akasema, "Basi leteni vikombe."

Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya siku ile baba kujibu utani wa mtu.

Tulifundishwa mambo ambayo ukiyasikia unaona ni ya kawaida. Feni ikizimwa, mazungumzo yanasikika. Uso wa anayesema uwe kwenye mwanga. Msikilizaji asiseme "eeh?" tu, maana mwenzake atarudia yote kwa kelele; aseme alichokipata, kisha aulize kilichopotea. Sisi wenza tuliambiwa tumwite mtu kwanza mpaka atutazame, tusiongee kutoka chumba kingine, tusipige kelele kwa sababu kelele inavuruga sauti ndani ya mashine, na tusimjibie. Niliandika yote, nikayapigia mstari. Kisha tukapewa zoezi la kwanza: mtazame mwenzako usoni, mweleze jambo lolote kwa dakika tano.

Sikuweza. Nimelelewa kwamba mtoto wa kike haongei na baba yake huku amemkodolea macho. Unasalimia ukiwa umepiga goti, unaeleza shida yako ukitazama mkeka, na sauti unaishusha. Nilimtazama baba kidevuni. Nikapanda hadi kwenye masharubu, nikashuka. Nilimweleza habari za maombi yangu ya kazi kwa sauti ya mtu anayeungama, na baba akatikisa kichwa kwa upole kama anavyomtikisia kila mtu.

Nyumbani ikawa taabu zaidi. Saa nne asubuhi alivaa mashine vizuri. Ilipofika adhuhuri alizivua ili atawadhe, akaziweka kwenye kiboksi chake, kiboksi kikaingia mfuko wa kanzu, akaenda msikitini. Aliporudi kanzu ilitundikwa msumarini na mashine zikabaki humo. Nilitakiwa kumkumbusha. Lakini unamkumbushaje? Ukisema taratibu hasikii. Ukipaza sauti, majirani watasema msomi wa mjumbe anamfokea baba yake. Ukimgusa bega, utakuwa umemshtua. Nilipokuwa bado napima, alasiri ikaingia, na hakuna maana ya kuvaa kitu ambacho utakivua tena baada ya dakika kumi. Nikaandika saa nane.

Nilijiambia ni kwa siku ile tu. Kesho yake nikaandika nane na nusu, ili isionekane nakariri. Mimi niliyesomea kumbukumbu.

Nilichoogopa ni hiki: saa zikiwa chache, mwalimu atasema mzee hafai kwa mashine, mashine zitarudi kabatini, mkutano wa shina utafika, na baba atabaki mzee aliyekaa kwenye benchi ambalo hakuna anayekuja kulikalia. Niliona yote hayo waziwazi, mpaka rangi ya shati la mjumbe mpya.

Jumamosi ya tatu mwalimu aliziunganisha mashine za baba na kompyuta. Sikujua kwamba zenyewe zinatunza saa zilizovaliwa. Akatazama kioo, akafungua daftari langu, akatazama kioo tena. Hakuniuliza mimi. Aligeuza kiti, akamkabili baba.

"Baba, mashine inasema umevaa saa mbili kwa siku. Daftari linasema nane. Lipi la kweli?"

"Mashine," baba akasema.

"Na hizi nane?"

"Muulize mwenye mkono."

Nikaanza kueleza. Niliongea haraka na mengi, kuhusu udhu, kanzu, majirani, na sakafu ya chumba kile naweza kuichora hadi leo. Mwalimu akaniambia, bila ukali, kwamba yeye anasikia vizuri, nimwambie baba. Nikainua uso. Baba alikuwa ameinama mbele kidogo, ananitazama mdomoni, na machoni mwake hakukuwa na hasira. Nikasema lililokuwa chini ya mengine yote.

"Baba, niliogopa watakuvua ujumbe."

Akaendelea kunitazama mdomoni. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia, lakini mwalimu akaniashiria nisubiri.

"Nani kasema watanivua?"

"Mwenyekiti alikuja nyumbani. Alimwambia mama."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo, baba. Ulikuwa unakunywa chai."

Yule dereva mstaafu akageuka kutazama dirisha. Baba alivua barakashia, akaikagua ndani kama mtu anayetafuta uzi uliofumuka, akaivaa tena.

Kituoni, tukisubiri gari la kwanza kati ya mawili ya kurudi Chanika, makondakta walikuwa wanaita na honi zinalia pande zote. Baba akanishika kiwiko, akanivuta hadi nyuma ya duka moja lililofungwa, ambako kulikuwa na unafuu. Akanisimamisha nikiwa nimeelekea mwanga. Yale mafunzo niliyoyapigia mstari mimi, aliyatumia yeye.

"Kuna lipi lingine nililolinywea chai?" akaniuliza.

Nikamweleza kuhusu mjane. Nilimtazama usoni tangu mwanzo hadi mwisho, na nilihisi nafanya utovu wa adabu kila sekunde. Akarudia alichokipata: ukuta, watoto. Akauliza kilichopotea: ukuta wa chumba gani, na alisema lini, siku ileile au baadaye? Nikasema siku ileile, kwenye benchi. Nikasema pia kwamba mimi nilikuwa dirishani. Hilo hakuuliza, lakini nilishindwa kulibeba tena.

"Kwa hiyo nyumba nzima inasikia," akasema, "mimi naamua."

Tulipofika nyumbani akamwambia mama kwamba atawaita wale majirani wawili upya. Mama akapinga, na nilikuwa upande wake. Mjumbe akigeuza uamuzi wake mwenyewe siku chache kabla ya mkutano, amewapa watu kamba ya kumfungia. Nilimshauri baba asubiri mkutano upite kwanza, akishachaguliwa tena ndipo awaite kimyakimya. Nilikuwa nimelifikiria vizuri, nikamweleza usoni, polepole, na akanisikia kila neno. Akajibu, "Na mvua nayo isubiri?"

Aliwaita Alhamisi asubuhi. Benchi alilitoa barazani, karibu na barabara, akalihamishia uani. Mama aliyekuwa anatwanga akaombwa kupumzisha mchi. Baba akajipanga mgongo wake ukiwa juani, ili nyuso za wenzake ziwe kwenye mwanga. Mimi nilikaa mlangoni mwa jiko na sufuria ya chai.

Jirani wa juu alianza kama kawaida yake. Baba akainua kiganja. Akamwambia apunguze, akipaza sauti maneno yanaparaganyika.

"Mie nimezaliwa hivi, mjumbe," akasema, lakini akapunguza, na kwa sauti ya kawaida alionekana kama mtu mwingine, mwenye wasiwasi wa maji kama sisi sote.

Kisha mjane. Akainama, akavuta kanga mdomoni, akaanza. Niliyasikia yote: tangu ukuta upasuke watoto wamelala sebuleni, na sasa ufa unapitisha mkono. Baba aliinama mbele, akageuza sikio la kulia, akageuza la kushoto. Hakupata. Nilijua, na akageuza macho kwangu. Maneno ya yule mama yalikuwa kwenye ulimi wangu, kamili, na kuyatoa kungemaliza kila kitu kwa sekunde tatu. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kuyazuia. Nikatazama ndani ya sufuria.

Nilipotazama tena, baba alikuwa ameisukuma barakashia juu, mashine zote mbili ziko wazi nyuma ya masikio yake.

"Mama," akamwambia mjane, "mimi sisikii vizuri. Siku ile sikusikia ulichosema, na nikaamua hivyohivyo. Kosa ni langu. Leo naomba nikuone unaposema. Hujanikosea adabu, nimekuomba mimi."

Kanga ikashuka taratibu hadi kifuani na yule mama akauinua uso wake. Akasema. Baba akamwambia amepata ukuta na amepata sebule, cha katikati hajakipata. Mjane akarudia cha katikati. Baba akakisema chote mwenyewe, kuanzia mwanzo, akamuuliza kama ndivyo. Ilichukua muda mwingi sana. Chai ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena.

"Kwa hiyo mjumbe," jirani wa juu akasema, "mie siku ile nilishinda kwa koo tu?"

"Koo tu."

"Haya. Na mie nilijisifu nyumbani kwamba nina hoja."

Hata mjane alicheka, akiwa amesahau kuficha mdomo. Wakaenda wote watatu kuutazama ukuta. Baba akaamua mfereji ugeuzwe uelekee barabarani, na nyumba zote mbili zichimbe. Jirani wa juu akanuna, akasema ataenda serikali ya mtaa. Hakwenda. Jumamosi, tulipokuwa tunaondoka kwenda mafunzo, nilimwona na jembe.

Mkutano wa shina ulikuwa Jumapili. Baba alisimama kabla mtu hajataja jina lake, akawaeleza mwenyewe: masikio yake yamekwisha kiasi hiki, amevaa mashine, anafundishwa kuzitumia, anayemtaka aje amkabili na aseme taratibu, na asiyemtaka achague mwingine, hakutakuwa na kinyongo. Kukawa na minong'ono. Mzee mmoja akasema waziwazi kwamba mjumbe ni masikio, na kijana mwenye masikio yake angefaa zaidi. Hakusema kwa ubaya, na nilishindwa kumwona ana kosa. Jirani wa juu akasema yeye kanyang'anywa ushindi wake na mjumbe huyuhuyu, lakini safari hii angalau anajua alisikilizwa. Ndipo mwenyekiti wa mtaa akapata wazo. Mzee abaki, akasema, na apewe msaidizi. Akaninyooshea mkono. Binti yake ni msomi, yuko nyumbani, awe anamsikilizia.

Watu wakakubali kwa kelele. Tangu nimalize chuo hakuna aliyewahi kunipendekeza kwa lolote. Nilijiona na daftari jipya, nikiandika mashauri kwa tarehe, kila kitu mahali pake. Nilikuwa hata nimeanza kuchagua aina ya jalada. Baba alinitazama na hakuashiria chochote.

Nikasimama, nikamwelekea yeye badala ya mwenyekiti, ili aone ninachosema.

"Hapana," nikasema. "Nikimsikilizia mimi, yeye hatasikia."

Mwenyekiti akasema basi tuendelee na mzee kwa sasa, tutaona. Mkutano ukafungwa kwa dua. Njia nzima ya kurudi nyumbani niliwaza kama "kwa sasa" ni mwezi au ni mwaka, na kama nimemharibia.

Siku tatu zilipita bila mtu. Ya nne alikuja kijana wa nyumba ya kona, amekasirika, shauri la mbuzi. Alianza kuniambia mimi pale mlangoni. Nikamwambia mjumbe yuko uani, apite akae mbele yake, asimwanze mpaka ametazamwa. Kisha nikarudi jikoni, nikafunga mlango, kwa sababu nilijijua.

Mwanzoni nilisikia sauti ya kijana ikipanda. Nikasikia baba akimwambia taratibu, arudie hapo kwenye mbuzi. Sauti ikashuka. Baada ya hapo waliongea chini kiasi kwamba, hata nilipoacha kukoroga na kusogea ukutani, sikuambulia neno. Nilisimama na mwiko mkononi nikiwaza amepata, hajapata, amepata. Sikufungua mlango.